Sumu Isiyooza na Mizani Yake

Sheria nyingi za wanadamu zimezaliwa na jambo lililoonekana kwa macho. Mwizi alionekana akivunja mlango, moshi ulionekana ukifunika mji, mto ulionekana ukigeuka rangi, ndipo wenye mamlaka wakakaa barazani na kutunga amri. Lakini iko aina ya sumu ambayo, kwa kiasi kinachopatikana katika chakula na katika mwili, haina rangi ya kuonekana, wala harufu ya kunuswa, wala ladha ya kuonjwa. Kwa ajili hiyo historia ya kuikataza haikuanza katika mabaraza ya watunga sheria. Ilianza mezani pa mkemia. Mpaka chombo cha kuiona kilipopatikana, sumu hiyo haikuwa na mahali katika vitabu vya sheria, ingawa ilikuwa imekwisha ingia katika damu ya tajiri na ya maskini sawasawa.

Sumu hizo ni misombo ya kaboni ambayo aghalabu imefungwa pamoja na klorini, na kifungo chake ni kigumu. Jua, mvua na vijidudu vya udongoni, ambavyo huozesha karibu kila kitu kilichoachwa juu ya ardhi, huchukua miaka mingi kukifungua. Tena misombo hiyo huyachukia maji na kuyapenda mafuta. Ikiingia mtoni haikai majini. Huingia katika shahamu ya vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na samaki mkubwa, samaki huliwa na ndege au na mtu, na kila mlaji hurithi deni la wote aliowala na wote waliokuwa wameliwa nao. Mwisho wa safari hiyo si mtu mzima. Ni mtoto anyonyaye, kwa kuwa maziwa ya mama hutengenezwa kwa mafuta ya mwili wake. Jambo la tatu ni kwamba sumu hizi husafiri: penye joto hupaa kidogo kidogo hewani, penye baridi hutua. Nchi isiyopata kuzinunua hata debe moja yaweza kuzipokea kwa upepo.

Iliyo mashuhuri kati yao ni DDT. Othmar Zeidler aliiunda mwaka 1874 kama zoezi la kemia, akaandika habari zake, akaiacha. Ilikaa katika maandishi miaka sitini na mitano hadi Paul Müller, mkemia wa Basel, alipotambua mwaka 1939 kuwa inaua wadudu kwa kuguswa tu. Vita vikuu vya pili viliipa kazi upesi. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944 watu wa Napoli walinyunyiziwa unga wake ili kuua chawa waenezao homa ya tifasi, na ugonjwa ukazuiwa katikati ya baridi, jambo lisilokuwa na mfano kabla yake. Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1948. Asomaye habari hizi leo hana haki ya kuicheka tuzo hiyo. Watu wengi wako hai, na wana wajukuu, kwa sababu ya unga ule.

Afrika ya Mashariki haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1945 Waingereza waliweka Entebbe, katika Uganda, kituo cha kuchunguza dawa za kuua wadudu. Baadaye kituo hicho kilihamia Arusha na kuwa asili ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyojulikana miaka mingi mjini humo. Huko Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu wa malaria walikuwa na makao yao, na ndio walioongoza mpango wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, kati ya 1954 na 1959. Dawa iliyotumika haikuwa DDT bali ndugu yake, dieldrini, ambayo ni kali zaidi. Nyumba zilianza kunyunyiziwa mwaka 1955, ukuta kwa ukuta, na matokeo yalikuwa makubwa: vimelea vya malaria vilipungua sana katika damu ya watoto, vifo vya wachanga vilishuka, na aina moja ya mbu waliokuwa wakiogopwa sana ilitoweka katika eneo lile. Kunyunyizia kulipokoma, malaria ilirudi polepole.

Mizani ya mpango ule ilikuwa tone la damu juu ya kioo cha darubini, idadi ya mbu na daftari la vifo. Kwa mizani hiyo dieldrini ilishinda. Habari za kifafa kilichowapata wanyunyiziaji wa dieldrini katika nchi kadhaa zilikuwa zimeanza kuandikwa katika miaka hiyo hiyo, kwa kuwa kifafa huonekana kwa macho. Lakini kiasi kidogo kilichobaki katika shahamu ya mtu aliyelala ndani ya nyumba iliyonyunyiziwa hakikuweza kuonekana kwa macho wala kwa darubini. Chombo cha kukiona kilikuwa kichanga kuliko mpango wenyewe.

Chombo hicho kiliundwa na James Lovelock mwaka 1957, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London. Kanuni yake inafaa kuelezwa, maana sheria zote zilizofuata zimesimama juu yake. Wakemia walikuwa tayari na njia ya kutenganisha mchanganyiko kwa kuupitisha, katika hali ya mvuke, ndani ya mrija mrefu wenye kitu cha kuunasa. Kila kiungo hunaswa kwa kadiri yake, na kwa hiyo kila kimoja hutoka mwisho wa mrija kwa dakika yake. Njia hiyo huitwa kromatografia ya gesi. Upungufu wake ulikuwa mlangoni: nani atatambua kuwa kitu kidogo sana kimetoka? Lovelock aliweka pale chembe ya madini yenye kutoa mnururisho, ikatokeza mkondo mdogo wa elektroni, mwembamba lakini usiokatika. Mafuta ya kawaida hupita bila kuudhuru mkondo huo. Msombo wenye klorini, hata ukiwa ni chini ya sehemu moja katika bilioni ya gramu, hunyakua elektroni njiani. Mkondo hupungua, kalamu inayochora juu ya karatasi huinuka na kushuka, na kilele kimoja huonekana. Dakika ya kilele husema ni kitu gani, na ukubwa wake husema ni kiasi gani.

Kitabu cha Rachel Carson juu ya dawa za wadudu kilitoka Marekani mwaka 1962, na mara nyingi husemwa kuwa ndicho kilichoanzisha mambo yote. Kilifanya kazi kubwa. Hilo halina ubishi. Hata hivyo kitabu hujibiwa kwa kitabu, na viwanda vilikuwa na waandishi wao. Kilele juu ya karatasi hakikuwa rahisi kujibiwa. Mambo yaliyotokea Stockholm baada ya miaka minne yanaonyesha tofauti hiyo.

Mwaka 1964 Sören Jensen, mkemia wa Uswidi, alianza kutafuta DDT katika damu ya watu na katika miili ya wanyama. Alivipata vilele vya DDT kama alivyotazamia. Lakini kandokando yake vilikuwapo vilele vingine, vingi, visivyolingana na dawa yoyote ya wadudu aliyoijua. Mtu mvivu angeliviita uchafu wa mrija na kuendelea na kazi. Na kwa kweli maabara nyingine katika miaka hiyo zilivihesabu vilele vya namna hiyo pamoja na DDT, zikapata jumla kubwa kuliko ilivyostahili. Jensen aliviuliza jina. Alipima samaki wakali wa maziwa ya Uswidi waitwao paiki, zaidi ya mia mbili, kutoka pande mbalimbali za nchi, na vilele vilikuwamo. Alipima tai mla samaki aliyeokotwa amekufa visiwani karibu na Stockholm, na humo vilikuwa virefu kabisa.

Swali likawa hili: je, si mabaki ya DDT yaliyogeuka mwilini? Jensen hakulijibu kwa kubahatisha. Katika jumba la makumbusho ya viumbe la Stockholm yalikuwamo manyoya ya tai yaliyohifadhiwa tangu 1888. Akayapima kwa kufuata miaka. Manyoya ya zamani hayakuwa na kitu. Kilele cha kwanza kilitokea katika unyoya wa mwaka 1944, na mwaka huo DDT ilikuwa bado haijaenea katika mashamba ya Uswidi. Kwa hiyo msombo ule haukuwa mtoto wa DDT. Ulikuwa kitu kingine, chenye klorini, kigumu kuliko DDT, na kilikuwa kikitoka mahali fulani tangu kabla ya vita kwisha. Kwa spektromita ya masi, yaani chombo kinachovunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake, alifikia jibu mwishoni mwa 1966: ni bifenili zenye klorini nyingi, ambazo kwa kifupi huitwa PCB.

PCB haikuwa dawa ya wadudu, wala haikupata kunyunyiziwa ukutani. Ilikuwa mafuta mazito yaliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1929, yakatiwa ndani ya transfoma na kapasita kwa sababu hayashiki moto upesi, yakachanganywa katika rangi, gundi, plastiki na karatasi za kunakilia. Hakuna aliyekusudia ifike katika tai. Jensen alipima pia nywele zake mwenyewe, za mkewe, na za binti yao mwenye umri wa miezi mitano. PCB ilikuwamo katika nywele za wote watatu. Mtoto hakuwa amekula samaki, na baba yake aliamini kuwa aliipata kwa kunyonya. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Huyu alikikuta katika utosi wa mwanawe.

Japani ilipata ushahidi wa namna nyingine, nao haukuhitaji chombo ili kuonekana, ila ulikihitaji ili kueleweka. Mapema mwaka 1968 kuku zaidi ya 400,000 walikufa upande wa magharibi wa nchi baada ya kulishwa chakula kilichotiwa mafuta kutoka kiwanda kimoja cha mafuta ya pumba za mchele. Jambo lilichukuliwa kuwa la kuku. Miezi ilipita, na watu wa kaskazini ya kisiwa cha Kyushu walionunua mafuta ya kupikia ya kiwanda hicho hicho wakaanza kutokwa na vipele vibaya usoni, macho kuvimba, kucha kubadilika rangi. Na wanawake kadhaa wakazaa watoto wenye ngozi iliyogeuka nyeusi. Uchunguzi ulionyesha kuwa PCB iliyotumika kupasha mafuta joto ilivuja kutoka katika mabomba na kuingia katika mafuta yenyewe. Wataalamu walipoendelea kupima kwa miaka mingi waligundua kuwa mkosaji mkubwa hakuwa PCB peke yake, bali furani, ambazo huzaliwa PCB inapochemshwa mno. Ugonjwa ule uliitwa Yusho, maana yake ugonjwa wa mafuta. Kama wale kuku wangalipimwa kwa makini walipokufa, kuna wanadamu ambao wasingalikula mafuta yale.

Baada ya hapo sheria zilikuja kwa haraka, na orodha yake haina haja ya kurefushwa. Uswidi iliibana DDT tangu 1970 na PCB katika miaka michache iliyofuata. Marekani iliondoa DDT katika kilimo mwaka 1972, ikatunga mwaka 1976 sheria iliyoitaja PCB kwa jina, na utengenezaji wake ukapigwa marufuku nchini humo mwaka 1979. Sheria hizi zilikuwa na ila moja kubwa: zilikuwa za nchi moja moja, na upepo hauna pasi ya kusafiria. Tena sheria iliyokataza kitu kutumika nyumbani haikuzuia kila mara kisiuzwe ng'ambo.

Habari zilizoivunja ila hiyo zilitoka mahali ambapo hakuna aliyezitazamia. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Éric Dewailly wa Quebec, katika Kanada, alikuwa akipima PCB katika maziwa ya akina mama wa kusini, penye viwanda. Alitaka kundi la kulinganisha, watu safi, walio mbali na kila kiwanda. Akachagua Wainuiti wa Nunavik, wawindaji wa sili na nyangumi katika baridi ya kaskazini. Maziwa yalipofika maabara, vilele vyake vilipita kipimo kilichotazamiwa. Kwa wastani PCB katika maziwa ya akina mama wa Kiinuiti ilikuwa yapata mara tano ya ile ya wanawake wa kusini. Watu ambao hawakuwahi kununua transfoma walikuwa wameipokea kwa njia ya hewa, maji, samaki na shahamu ya nyangumi, nao hawakuwa na chakula kingine cha asili cha kukimbilia. Aliyekuwa ametafutwa awe kipimo cha usafi akawa shahidi wa uchafu.

Hivyo ndivyo jambo lilivyofika katika mabaraza ya mataifa, na baraza la pili la mazungumzo ya mkataba lilikutana Nairobi, Januari 1999. Mkutano huo wastahili kukumbukwa katika historia ya Afrika ya Mashariki kuliko unavyokumbukwa. Kwa upande mmoja waliketi wasemaji wa watu wa Aktiki, ambao maziwa ya mama zao yalikuwa yamepimwa. Kwa upande wa pili zilikuwako nchi za joto, ambazo watoto wao walikufa kwa malaria, na ambazo DDT ilikuwa kwa baadhi yao dawa rahisi ya kuta iliyosalia. Vikundi fulani vya kutetea mazingira vilitaka DDT ikomeshwe kwa tarehe iliyotajwa. Baadhi ya madaktari wa malaria waliona jambo hilo kuwa hukumu ya kifo iliyotiwa sahihi na watu wasioumwa na mbu. Ilikuwa rahisi kabisa mama wa kaskazini na mama wa kusini wagombanishwe.

Hawakugombana. Sheila Watt-Cloutier, msemaji wa Wainuiti, alieleza kuwa watu wake hawatauunga mkono mkataba ambao utawakinga wao kwa kuwaacha akina mama wa nchi nyingine wazike watoto wao kwa malaria. Kisha alimkabidhi Klaus Töpfer, mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, sanamu ya jiwe ya mama wa Kiinuiti na mtoto wake. Sanamu hiyo iliwekwa juu ya meza ya mwenyekiti wa mazungumzo, John Buccini wa Kanada, na ikakaa mbele yake katika vikao vilivyofuata. Wajumbe waliobishana juu ya mabano na nukta za ibara walikuwa wakiitazama.

Afrika ya Kusini iliongeza hoja yake, nayo haikuwa ya maneno. Ilikuwa imeacha DDT mwaka 1996 na kutumia dawa nyingine. Mbu walioizoea dawa hiyo mpya wakarudi KwaZulu-Natal, na mwaka 2000 wagonjwa wa malaria nchini walipita 60,000. DDT ikarudishwa mwaka ule ule. Kikao cha mwisho cha mazungumzo kilifanyika Johannesburg, Desemba 2000, wagonjwa hao wakiwa bado wamo katika hesabu. Mkataba ulipopitishwa Stockholm tarehe 22 Mei 2001, uliorodhesha sumu kumi na mbili: dawa za wadudu na kuvu, dieldrini ya Pare ikiwa miongoni mwao, pamoja na PCB, dioksini na furani. DDT iliwekwa peke yake: imekatazwa mashambani, imeruhusiwa ukutani kwa kupambana na wadudu waenezao maradhi, kwa sharti la kutoa taarifa. Mkataba ulianza kutumika 17 Mei 2004, na katika mwaka huo Tanzania na Kenya ziliuridhia. Orodha imekua tangu hapo, ikapita misombo thelathini.

Kuridhia ni kutia sahihi. Kupima ni kazi nyingine. Tofauti hiyo ilionekana katika nchi tajiri, mwaka ule ule wa mkutano wa Nairobi. Januari 1999 mafuta yenye PCB na dioksini yaliingia katika shahamu iliyokusanywa kwa kutengenezea chakula cha mifugo nchini Ubelgiji. Kuku wakapunguza mayai, na vifaranga wakafa ndani ya maganda. Daktari wa mifugo aliyeitwa kukadiria hasara alishuku dioksini. Lakini dioksini hupimwa kwa sehemu za trilioni ya gramu, kwa vyombo vya thamani kubwa na kwa siku nyingi za kusafisha sampuli, na ilibidi sampuli zipelekwe Uholanzi. Jibu lilipatikana mwishoni mwa Aprili. Wananchi waliambiwa mwishoni mwa Mei. Mawaziri wawili walijiuzulu tarehe 1 Juni, na serikali ikaangushwa katika uchaguzi wa tarehe 13. Sheria za chakula Ubelgiji ilikuwa nazo. Ilichokosa ni mizani karibu na mlango wa jikoni, na kwa muda wote ule watu waliendelea kula mayai.

Katika nchi maskini mambo hayo hayana mawaziri wa kujiuzulu, lakini yana transfoma. Mkataba uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwisho wa kuangamiza taka zake. Kifaa huhesabiwa kuwa kichafu mafuta yake yakiwa na PCB ya sehemu 50 au zaidi katika milioni. Fundi wa umeme anaweza kuitambua PCB tupu kwa tone moja ndani ya bilauri ya maji: mafuta ya kawaida huelea, PCB huzama. Lakini transfoma nyingi hazikujazwa PCB tupu. Zilijazwa mafuta ya kawaida, kisha zikaongezwa mafuta karakanani kwa pampu iliyotumika jana katika transfoma nyingine, na uchafu ukaenea kutoka moja hadi moja kama upele wa mbuzi. Tone la mafuta hayo litaelea, na fundi atadanganyika. Sehemu 50 katika milioni huonekana kwa kromatografi tu, au kwanza kwa dawa ya kupimia klorini na kisha kwa kromatografi. Na kila sampuli ina bei: gesi safi ya kuendeshea chombo, vimumunyisho visivyo na doa, kielelezo halisi cha sumu cha kulinganishia, umeme usiozimika, na mkemia ambaye hajahamia kazi yenye mshahara bora. Ibara ya mkataba inayosema vifaa vitambuliwe ina maneno machache mno kwa gharama hiyo.

Mfano mwingine uko Vikuge, wilaya ya Kibaha, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 lililetwa pale, kama msaada, shehena kubwa ya dawa za wadudu, sehemu yake ikiwa imekwisha pitwa na muda wake. Haikutumika yote, iliachwa, ikachakaa, ikaingia ardhini. Mtu apitaye angeliona shamba la kawaida la Pwani. Wakemia, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichukua udongo wa pale na kuupima, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha ardhi iliyoshiba DDT na mabaki yake. Mwaka 2007 yakatolewa matokeo ya majani machanga ya miembe iliyo jirani, nayo yalikuwa na sumu zile zile. Kazi hiyo ilifanywa juu ya udongo wa nyumbani. Haikupata sifa za unyoya wa Stockholm, ingawa mwembe wa Kibaha si shahidi duni kuliko tai wa Baltiki.

Mkataba ulijua kuwa hauwezi kujisifu bila kupimwa, ukaagiza mataifa yachunguze hewa na maziwa ya mama ili ijulikane kama sumu zinapungua. Mwaka 2008 bakuli za chuma zenye sahani ya sifongo zilitundikwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, zinase kilichomo upeponi; sifongo zikapelekwa Brno, katika Ucheki, zikasomwe. Kwa maziwa utaratibu ni huu: akina mama hamsini, wenye mtoto wa kwanza, kila mmoja hutoa mililita hamsini, sehemu sawa ya kila mmoja huchanganywa kuwa sampuli moja ya taifa, hugandishwa, husafirishwa hadi maabara ya Freiburg, Ujerumani, ambayo ndiyo rejea ya dunia nzima kwa kazi hiyo. Kenya na Uganda zimo miongoni mwa nchi zilizopeleka maziwa yao huko. Majibu ya dunia kwa jumla yameonyesha PCB ikiwa juu zaidi katika maziwa ya Ulaya, na DDT ikiwa juu zaidi katika maziwa ya nchi za joto. Chupa husafiri zikiwa katika barafu, na namba hurudi kwa barua, katika jedwali lenye jina la nchi na si la mama yeyote.